Nilisomea Zege, Nikafundishwa Chokaa

Nilisomea zege. Miaka yote ya chuo, na iliyofuata nikiwa mhandisi mdogo kwenye maghorofa ya Dar es Salaam, nilijua kwamba jengo ni nguzo, bimu na slabu, na kwamba ukuta kazi yake ni kujaza nafasi kati ya nguzo na nguzo. Nikipita katikati ya mji nikaona nyumba ya zamani yenye roshani za mbao na lipu inayobanduka, akili yangu ilikwenda moja kwa moja kwenye ukubwa wa kiwanja. Nilijiuliza pale panaweza kukaa ghorofa ngapi, na magari mangapi chini yake.

Leo natoa ushuhuda kwamba sioni tena hivyo. Aliyenigeuza ni nyumba moja ya Mji Mkongwe, Unguja, niliyopewa kuisimamia igeuzwe ofisi, pamoja na mafundi wazee walioijua kazi hiyo kabla sijazaliwa.

Nyumba yenyewe ipo ndani ndani, Kiponda, kwenye kichochoro ambacho mkokoteni ukiingia watu wanabana ukutani. Chini ni duka lenye milango ya mbao ya kukunja, juu yake ghorofa mbili, katikati ua mdogo wa ndani wa kuleta mwanga na hewa. Historia yake ni ya nyumba nyingi za pale. Mfanyabiashara aliijenga enzi za masultani, familia yake ikaishi juu ya duka. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ikawa mali ya serikali, ikagawanywa kwa familia kadhaa, na kila familia ikaziba kona yake kwa mbao na kuweka jiko lake. Kodi ilikuwa ndogo, na hakukuwa na aliyejua hasa nani anapaswa kupanda juu kuziba bati linalovuja. Nilipoingia mara ya kwanza paa la nyuma lilikuwa limekwenda, na chumba kimoja cha juu kilikuwa hakina sakafu. Ukifungua mlango unaona chini.

Shirika lililoikodi kwa muda mrefu lilitaka ofisi ya kisasa. Kwa maana yao, ukumbi mmoja mpana kila ghorofa, meza za kompyuta, chumba cha mikutano, chumba cha seva, viyoyozi kila mahali. Mchoro wa kwanza ulikuwa mwepesi kuuelewa: toa kila kitu cha ndani, simamisha fremu ya zege, bakiza uso wa mbele na mlango wa nakshi. Mimi niliupenda, kwa sababu ulikuwa lugha yangu. Lakini Mji Mkongwe ni hifadhi. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe ipo tangu 1985, na mwaka 2000 UNESCO iliuingiza mji huo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kule huwezi kuitoa nyumba utumbo ukabakiza sura. Mchoro ukarudi, na mimi nikabaki na nyumba ambayo hesabu zangu hazikuwa na pa kushika.

Ukuta wa nyumba ile una unene wa zaidi ya nusu mita. Si tofali, si zege. Ni mawe ya matumbawe, makubwa kwa madogo, yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo mwekundu. Ukitoboa, kinachotoka ni unga na vipande, na mhandisi wa zege akiona unga huo moyo unamdunda. Sehemu ya chini ya kuta ilikuwa imepigwa lipu ya saruji miaka ya karibuni, kwa nia njema kabisa, ili kuziba unyevu. Lipu ilikuwa ngumu, imenyooka. Juu yake, usawa wa kifua, ndipo ukuta ulipokuwa unaoza. Rangi ilifura, chumvi nyeupe ilijitokeza, mawe yakimeguka kwa kidole.

Fundi mkuu wa uashi alikuwa mzee wa Unguja mwenye miwani iliyofungwa uzi. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, kisha akagonga ile lipu kwa mpini wa mwiko, akasikiliza.

"Mwanangu," akasema, "ukuta huu unataka kutoka jasho. Nyinyi mmeuvisha koti la mvua."

Tuliibandua. Nyuma yake jiwe lilikuwa limelowa kiasi cha kuacha maji kiganjani, na hiyo ilikuwa kaskazi, wakati wa jua kali. Pale ndipo nilipoelewa kwa macho kitu ambacho kitabuni nilikipita haraka. Nyumba hizi hazina tabaka la kuzuia maji kwenye msingi. Maji ya ardhini hupanda ndani ya jiwe kidogo kidogo, na chokaa huyaachia yatoke nje yakauke kwa upepo. Ukifunika kwa saruji, maji hayakomi kupanda. Yanatafuta njia juu zaidi, yanabeba chumvi, na chumvi ikikauka ndani ya vitundu vya jiwe inavimba na kulipasua. Nguvu ya saruji, ile niliyoisomea na kuitegemea, ndiyo iliyokuwa tatizo: ni ngumu kuliko ukuta inaoushika, kwa hiyo nyumba ikisogea kidogo, kinachopasuka ni jiwe.

Kuanzia hapo nilimfuata yule mzee kila alipokwenda. Chokaa haitaki haraka, na hili ndilo lililonitesa zaidi, mimi niliyezoea kumwaga slabu na kuhesabu siku 28 hadi zege likamilishe nguvu. Jiwe la matumbawe huchomwa kwenye moto mkali, kiasi cha nyuzi joto 900, mpaka hewa ya kaboni iliyomo itoke. Linalobaki ukilitia maji linachemka lenyewe kwa kishindo. Vijana walirudi nyuma na kuficha nyuso. Kisha linalazwa shimoni chini ya maji kwa wiki nyingi, na likikaa zaidi ndivyo linavyozidi kuwa laini na la kushika. Likishapakwa ukutani huanza safari ya kurudi: linavuta hewa ya kaboni kutoka hewani na polepole linakuwa jiwe tena. Ukuta wa nyumba ya Mji Mkongwe ni jiwe lililochomwa likageuzwa jiwe mara ya pili, na kazi hiyo ya pili inaendelea kwa miaka. Nilipofahamu hivyo niliacha kuuliza ukuta utakauka lini ili tupake rangi. Rangi yenyewe tuliyotumia ni chokaa nyepesi, ambayo ukungu hauipendi na ambayo haizibi.

Kuna hasara ya kweli hapa na sitaki kuipunguza. Mafundi wanaojua kuchanganya chokaa kwa jicho na kwa mkono wamebaki wachache, na wengi wao ni wazee. Vijana wanajua saruji kwa sababu saruji ndiyo inayolipa. Mfuko unaupata kila duka la vifaa, unachanganya asubuhi na jioni umemaliza. Tulipoweka sharti kwamba kila fundi mzee awe na vijana wawili chini yake, mkandarasi alilalamika kuhusu gharama. Nililipigania sharti hilo kuliko kitu chochote kingine kwenye mkataba ule. Kati ya vijana wale, msichana mmoja ndiye leo ninayemwita kwanza nikiwa na ukuta wa kutengeneza.

Kisha sakafu. Hapa ndipo ofisi na nyumba zilipokutana uso kwa uso.

Sakafu za nyumba hizi zimelala juu ya boriti za mikoko, zilizopangwa karibu karibu kutoka ukuta hadi ukuta. Boriti nzuri haiendi mbali. Mita tatu hivi, pengine pungufu. Ndiyo maana vyumba vya pwani yetu ni virefu na vyembamba, kuanzia Lamu hadi Kilwa. Mti wa mkoko ndio uliochora ramani ya nyumba, na mwashi akaufuata. Juu ya boriti hupangwa mawe, juu ya mawe humwagwa zege la chokaa lililopondwa kwa vipande vya mbao hadi likaze, kazi iliyokuwa ikifanywa na kundi la watu kwa nyimbo. Sakafu kama hiyo ni nene na nzito. Halafu kila kizazi kinapoona imeinama hapa na pale, kinaongeza tabaka jingine la kusawazisha. Tulipochimba tulikuta tabaka juu ya tabaka, na la mwisho, kama nilivyotarajia, lilikuwa la saruji.

Wahandisi wengi wa kwetu tumelelewa na viwango vya Uingereza. Vinasema nyumba ya kuishi ibebe kilonyutoni 1.5 kwa kila mita ya mraba, yaani kama kilo 150, ofisi 2.5, chumba cha mafaili 5. Kwa hiyo kugeuza nyumba kuwa ofisi si kubadilisha bango mlangoni. Unaidai sakafu ileile ibebe karibu mara mbili, na ukiweka makabati ya mafaili, zaidi ya mara tatu. Rafu ya mita moja iliyobanwa mafaili inaweza kufika kilo 50, na ofisi zetu, jamani, zinapenda mafaili.

Tulifanya mambo matatu, na kati ya hayo lililosaidia zaidi halikuwa la kihandisi hata kidogo. Tuliondoa tabaka zilizoongezwa, nyumba ikatua mzigo ambao haikuumbwa nao. Tulitoa boriti zilizoliwa na mchwa au kuoza kwenye ncha, pale zinapoingia ukutani na kushika unyevu, tukaweka nyingine, na penye vyumba vya kukutania watu wengi tukapitisha mihimili ya mbao ngumu chini yake. La tatu lilikuwa kuwaambia wateja: karatasi zenu zote zishuke chini, kwenye chumba cha ghorofa ya chini chenye sakafu ya ardhini, na zile zisizohitajika kwa sheria ziingizwe kwenye kompyuta. Walinitazama kwa mshangao. Mhandisi ameletwa aimarishe sakafu, yeye anakagua makabati. Lakini huo ndio ukweli nilioufikia kwa kukokotoa: kompyuta ya leo ni nyepesi sana kuliko kabati la karani. Ofisi ya kisasa, ikiwa ni ya kisasa kweli, inafaa zaidi kwenye nyumba ya kale kuliko ofisi ya miaka ya 1970. Mpaka leo nalisema hilo kwenye kila kikao, na sijapata wa kunipinga kwa hesabu.

Ukumbi mmoja mpana hawakuupata. Walipata vyumba virefu vyembamba vinavyofunguka kwenye roshani ya ndani inayozunguka ua, watu watatu au wanne kila chumba. Zidaka za ukutani, zile za kuwekea taa na vyombo vya kauri, zilibaki. Sasa zina vitabu na chaja za simu. Waliogopa kwamba watu wakiwa mbalimbali kazi italegea. Sasa wanaonana kila mara kupitia ua: mtu akisimama mlangoni mwake anamwona mwenzake wa upande wa pili, anamwita kwa jina bila kupiga simu.

Nyaya zilinichukua muda mrefu kuliko nilivyodhani. Kwenye ukuta wa tofali fundi umeme anachimba mfereji, anafukia bomba, anapiga lipu. Ukuta wa matumbawe ukiuchimba mfereji mrefu unaukata mishipa inayoushikilia. Kwa hiyo kila waya, wa umeme na wa mtandao, unapita nje ya ukuta, kwenye visanduku vya mbao vinavyofuata sakafu kama sehemu ya useremala. Havijajificha, na mimi naona hilo ni jambo zuri: mtu wa miaka 50 ijayo ataving'oa kwa bisibisi bila kuumiza chochote. Moto nao ulinikosesha usingizi. Gari la zimamoto haliwezi kuingia kwenye kichochoro kile. Kwa hiyo swichi za kukata umeme, mipira ya maji kila ghorofa na ngazi ya pili ya kutokea havikuwa vitu vya kujadili bei.

Vyoo tulivipanga kimoja juu ya kingine, vyote kwenye bawa la nyuma lililokuwa limeanguka, ambako tulijenga upya na tungeweza kuweka zege bila kumdhuru mtu. Hakuna bomba la maji linalopita juu ya boriti za zamani. Viyoyozi vimebaki viwili tu, kwenye seva na kwenye chumba cha mikutano, na maji yake yanashushwa kwa paipu hadi kwenye mfereji. Tembea Mji Mkongwe uangalie kuta zilizo chini ya viyoyozi: utaona michirizi ya kijani, lipu imelowa, jiwe limeanza kulika. Tone dogo, saa zote, mwaka mzima. Kwingineko tulifungua vile nyumba ilivyotaka. Ua ulikuwa umefunikwa bati. Tukaliondoa na kuweka paa lililoinuliwa, hewa ya moto inapanda na kutoka. Madirisha yakarudishiwa mbao zake za kupitisha upepo, na feni zinasaidia. Wafanyakazi waliotoka kwenye majengo ya vioo waliniambia wenyewe kwamba mchana wa kaskazi wanakaa na kufanya kazi.

Tulikuwa katikati ya kazi hiyo siku ya Krismasi ya 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka. Jumba lile Sultani Barghash alilijenga mwaka 1883, likasimama kwa miaka zaidi ya 130 mbele ya bahari, na lilianguka likiwa kwenye ukarabati. Mafundi wawili walikufa. Watu waliomboleza jumba, na ni haki, lakini mimi niliwaza wale wawili. Walikuwa na mwiko mkononi kama hawa wangu. Kesho yake nilisimamisha kila kitu. Tulipitia tena kila nguzo ya muda, kila ukuta uliobaki bila sakafu ya kuushika, na tukabadilisha mpangilio ili tusitoe boriti za vyumba viwili vilivyo jirani kwa wakati mmoja. Nyumba hizi zinajishika: ukuta unabeba sakafu, na sakafu inauzuia ukuta usifunguke nje. Ukitoa kimoja, kingine hakina rafiki.

Kuna waliosema kuanguka kule ni ushahidi kwamba majumba ya kale yamemaliza siku zake. Nami nilikuwa Dar es Salaam Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa kwa zege katikati ya mji lilipoporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Hakuna aliyesema zege limemaliza siku zake. Jengo halianguki kwa sababu ya umri wala ujana. Linaanguka pale mzigo unapozidi kile kinachoubeba, na hayupo anayeangalia.

Na nyumba iliyoachwa tupu ndiyo isiyoangaliwa kabisa. Hili ndilo linalonifanya nizitetee ofisi, hata mbele ya marafiki zangu wapenzi wa urithi ambao wangependa kila jumba liwe makumbusho. Angalia Zahanati ya Kale pale Mizingani, ile ambayo Tharia Topan aliiwekea jiwe la msingi mwaka 1887. Ilikuwa imechakaa hadi Aga Khan Trust for Culture walipoifufua miaka ya 1990. Angalia Boma la Kale la Dar es Salaam, la enzi za Sultani Majid bin Said, matumbawe matupu, ambalo sasa ni kituo cha urithi wa usanifu majengo, watu wanaingia na kutoka. Mahali penye watu, bati likitoboka mtu analalamika asubuhi hiyohiyo.

Lakini ni watu gani? Swali hili silipiti haraka, kwa sababu familia zilizokuwa zikiishi nyumba ile ziliondoka. Zilipata kwingine pa kuishi, nje ya Mji Mkongwe, na bibi mmoja aliyezaa watoto wake wote pale alinieleza bila hasira kwamba kule alikopelekwa hasikii adhana ya msikiti wake. Majumba mengi ya mji ule yamekuwa hoteli na nyumba za wageni, na kila moja inapogeuka mtaa unapungukiwa na sauti za watoto. Ofisi nayo inafungwa jioni. Sikuwa na mamlaka ya kulizuia hilo. Nilichoweza ni kusimama kidete kwenye ghorofa ya chini: duka libaki duka, kwa mtu wa mtaani na kwa kodi ya mtaani, na baraza ya nje isifungwe kwa geti. Sasa kuna fundi cherehani pale, na jioni wazee wanacheza bao kwenye baraza ileile. Hiyo haitoshi, na mradi unaofuata lazima uanze na swali la wakaazi, kabla ya mchoro wowote wa ofisi.

Sikurudi kwenye maghorofa. Kazi yangu sasa ni nyumba za matumbawe, Unguja na mara nyingine bara, na nimeacha kuwapa wateja ripoti ya mwisho ya kufunga mradi. Ninachowapa ni ratiba. Mkataba wa nyumba ya Kiponda una kifungu kinachomtaka mpangaji, kila mwaka kabla ya masika, asafishe mifereji ya paa, akague ncha za boriti kwa kuzichoma na bisibisi, apake chokaa upya pale ilipochakaa, na asilete kabati la chuma juu bila idhini ya maandishi ya mhandisi. Na shimo la chokaa lililo ua wa nyuma lijazwe tena kila linapopungua, ili ya mwaka unaofuata iwe inaendelea kuiva.